Kiti Walichotuachia Ramones

Hotuba kwa wanamuziki wa bendi, usiku wa kuamkia kurekodi albamu ya kumuenzi mzee wetu

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu zangu wanamuziki, vijana wangu, na wewe mama yetu uliyebaki na nyumba ya mzee tunayemkumbuka, nawasalimu wote na nawashukuru kwa kunipa nafasi hii.

Kesho asubuhi mnaingia studio. Bendi kumi na moja, nyimbo kumi na moja za mtu mmoja, naye mwenyewe hayupo tena wa kutuambia pale tulipokosea. Nimeombwa niseme neno juu ya kazi hii kwa sababu kwa miaka ishirini na miwili nimelisha watoto kwa kupiga kopi, yaani nyimbo za wengine, katika kumbi za hoteli hapa Dar es Salaam. Nimekubali. Lakini sitasema juu ya dansi, maana kwa dansi mna wazee hapa mbele wanaonizidi kwa mbali. Nataka niwapeleke New York, kwa vijana wanne walioitwa Ramones. Katika kusikiliza kwangu kote sijakutana na kundi lililopigiwa albamu nyingi za kulienzi kama wao, na ndani ya albamu hizo kila kosa mnaloweza kulifanya kesho limeshafanywa, na kila jema pia.

Muziki wao ni panki. Kwa wengi wetu hapa panki ni mkato wa nywele, na mimi niliwahi kutolewa darasani siku nzima kwa ajili yake. Panki ya leo ni ya gitaa: roki fupi, ya kasi, isiyo na mapambo.

Nilikuwa na miaka kumi na sita mjomba wangu, baharia, aliposhuka melini na redio kaseti. Ndani yake mlikuwa na kanda isiyo na jalada wala jina. Niliiwasha nikadhani mashine inakwenda mbio. Nikaitoa kanda, nikasafisha kichwa cha redio kwa pamba na spiriti, nikairudisha. Kasi ile ile. Nyimbo kumi na nne kwa dakika 29 hivi. Hakuna solo, hakuna mahali pa mpiga gitaa kujionyesha. Wimbo unaingia, unasema ulichonacho, unatoka, na kabla hujavuta pumzi mwingine umeshaingia.

Miaka ilipita kabla sijajua nilichokuwa nimeshika. Ilikuwa albamu yao ya kwanza, iliyobeba jina la kundi lenyewe, na ilitoka Aprili 1976 kwa kampuni ya Sire. Waliirekodi kwa siku chache mwezi wa Februari, ndani ya jengo la Radio City Music Hall, kwa dola 6,400 hivi, fedha ndogo sana kwa albamu ya wakati ule. Sokoni ilifika nafasi ya 111 katika chati ya Billboard, ikateremka.

Vijana wenyewe walitoka Forest Hills, mtaa wa Queens. Hawakuwa ndugu wa damu. Kila mmoja alijipa ukoo wa Ramone, jina walilolichukua kwa Paul McCartney wa Beatles, ambaye siku za mwanzo kabisa aliwahi kujiita Paul Ramon. Jeffrey Hyman akawa Joey. John Cummings akawa Johnny. Douglas Colvin akawa Dee Dee. Tamás Erdélyi, mzaliwa wa Budapest, akawa Tommy. Mwanzoni Joey, kijana mrefu kama mnazi, ndiye aliyepiga dramu. Alipohamishiwa kwenye kuimba, Tommy, ambaye alikusudiwa awe meneja tu, akakalia dramu mwenyewe, kwa sababu kila mpigaji waliyemjaribu alitaka kupiga mambo mengi. Agosti 1974 wakapanda jukwaa la klabu ya CBGB kwa mara ya kwanza.

Sasa wapiga gitaa mnisikilize vizuri. Sisi sote mkono wa kulia tunaupeleka chini na kuurudisha juu. Johnny alishuka tu. Kila pigo chini, chini, chini, kwa kasi ile, onesho zima. Nilipojaribu, wimbo wa tatu haukuisha kiwiko kikafa ganzi. Watu husikia muziki ule wakasema hata mtoto anaweza. Ni kweli, mtoto anaweza kujifunza mikao ile mitatu ya vidole kwa jioni moja. Kuishikilia bila kulegea hadi mwisho wa kanda, hiyo ni kazi ya kuli wa bandarini.

Na kuna jambo jingine, ambalo ndilo lililonifanya niwe mwanamuziki. Albamu ile imechanganywa kwa namna isiyo ya kawaida: gitaa limewekwa upande mmoja, besi limewekwa upande wa pili. Redio ya mjomba ilikuwa na kile kitufe cha kuzungusha cha kugawa sauti kushoto na kulia. Ukikizungusha hadi mwisho, gitaa la Johnny linapotea, linabaki besi la Dee Dee na dramu na sauti ya Joey, na pale gitaa lilipokuwa panabaki wazi. Ni kama watu wamesogea kwenye benchi wakakuachia nafasi. Nilikaa hapo miezi saba, na gitaa la kuazima lenye nyuzi nne. Kisha nikakizungusha kitufe upande wa pili nikajifunza besi.

Hilo ndilo nililokuja kuwaambia usiku huu. Nyimbo za Ramones zina kiti kitupu ndani yake. Ziliandikwa na watu waliojifunza kwa kupiga za wenzao, na zimewekwa wazi kiasi kwamba anayefuata anaweza kuingia. Albamu ya kumuenzi mtu hufaa pale mpigaji anapokikalia kile kiti kwa uzito wake wote. Huharibika pale anaposimama kando ya kiti akakipigia makofi.

Wao wenyewe walikuwa wapiga kopi, na hawakulionea haya. Katika albamu ile ile ya kwanza, katikati ya nyimbo zao, waliweka wimbo wa Chris Montez wa mwaka 1962. Albamu zilizofuata zikaja na nyimbo za ufukweni za California, na nyimbo za kucheza za siku walipokuwa watoto. Mwaka 1993 wakatoa albamu nzima ya kopi, Acid Eaters, ya nyimbo za miaka ya sitini. Na walipopiga onesho lao la mwisho, tarehe 6 Agosti 1996 huko Hollywood, onesho la 2,263, wimbo wa kufungia haukuwa wao. Ulikuwa wa Dave Clark Five, kundi la Kiingereza la utotoni mwao, na walimwita Eddie Vedder wa Pearl Jam aimbe nao. Miaka ishirini na miwili barabarani, na neno la mwisho wakampa mtu mwingine. Mimi niliyepiga kopi miaka hiyo hiyo ishirini na miwili, nikiambiwa na watu kwamba sina kitu changu, habari hiyo ilinikalisha chini.

Sasa tuje kwenye albamu zenyewe.

Mwaka 1991, Ramones wakiwa bado wako barabarani, kampuni ya Triple X ya Los Angeles ilitoa Gabba Gabba Hey, albamu ya bendi mbalimbali zikipiga nyimbo zao. Ndani yake wako Bad Religion, na wako L7, kundi la wanawake wanne wenye magitaa mazito. L7 hawakubadilisha lolote kubwa. Walichofanya ni kuuimba wimbo kama unawahusu wao, na ukawa unawahusu. Nyingine nyingi mle ndani ni kelele nzuri za rafiki kwa rafiki, sina la kuongeza.

Kilichonishangaza zaidi kilianza mwaka uliofuata. Screeching Weasel, vijana wa viungani mwa Chicago, hawakuchagua wimbo. Walichukua albamu yote ya kwanza, wakaipiga kuanzia wa kwanza hadi wa kumi na nne, kwa mpangilio ule ule. Mwaka 1994 The Queers, wa New Hampshire, wakaichukua Rocket to Russia, albamu ya tatu. The Vindictives wakaichukua Leave Home. Mr. T Experience wa Berkeley wakaichukua Road to Ruin. Boris the Sprinkler wa Wisconsin wakaichukua End of the Century, Beatnik Termites wakaichukua Pleasant Dreams. Ikawa kama wanakijiji waliogawana shamba la marehemu, kila mtu na ngwe yake na jembe lake, mpaka shamba lote likalimwa.

Kuna watu walizicheka albamu hizo. Walisema, kama unapiga kila kitu vile vile, kwa nini nisisikilize wenyewe? Nawajibu kwa yaliyonipata. Nilipoajiriwa katika bendi yangu ya kwanza ya hoteli, kiongozi wetu alinipa solo moja ya Kikongo akanikataza kubadilisha hata noti moja kwa miezi mitatu. Nilinung'unika. Nilidhani ananidharau. Mwezi wa tatu, usiku mmoja, kidole kilifika pale kilipopaswa kufika na nikaelewa kwa nini yule mzee wa Kinshasa alisubiri nusu ya pigo kabla ya kuteremka: alikuwa anampisha mwimbaji avute pumzi. Nisingelijua hilo kwa kusikiliza. Nilijua kwa kutii. Kuna vitu ndani ya wimbo ambavyo haviingii sikioni, vinaingia mkononi tu, na mkono haujui mpaka umerudia. Screeching Weasel walikuwa wanajifunza mbele za watu, na naamini kila bendi changa inapaswa kufanya hivyo mara moja.

Kwa hiyo njia ya kwanza ni kutii mpaka mwisho. Wale wenu mliochukua njia hiyo kesho, msiione aibu. Lakini mtii kweli. Msipunguze kasi kwa sababu mkono umechoka.

Njia ya pili iko katika albamu ya Februari 2003, We're a Happy Family. Hii ndiyo kubwa kuliko zote kwa majina: U2, Metallica, Kiss, Red Hot Chili Peppers, Green Day, Garbage, The Pretenders, Rancid, Tom Waits. Mwandishi wa riwaya Stephen King aliandika maelezo ya ndani. Waliosimamia ni mwanamuziki Rob Zombie pamoja na Johnny Ramone mwenyewe.

Nimeisikiliza albamu hiyo mara nyingi kuliko nilivyosikiliza baadhi ya kazi zangu, na nitasema ninavyoiona. Red Hot Chili Peppers wamefanya kazi kubwa. Walichukua wimbo uliokuwa ukuta wa gitaa moja wakaufungua madirisha: gitaa linadonoa, besi linatembea, mwimbaji ametulia. Ukiusikia unagundua kwamba chini ya ule ukuta kulikuwa na melodia nzuri iliyokuwa inakusubiri. Garbage wameupoza wao mpaka ukawa wa usiku, wa mtu anayekaa peke yake chumbani, na mwanamke anayeimba hakupandisha sauti hata pale ungetegemea apandishe. Metallica wameuchukua wimbo wa Dee Dee wakauongezea uzito, ukawa wao. Wote hawa wamekaa kitini.

Lakini wako wakubwa waliosimama kando. U2 ni kundi ninaloliheshimu, na mapenzi yao kwa Joey hayana shaka. Bono, mwimbaji wao, amesimulia mara nyingi kwamba katika saa zake za mwisho Joey alikuwa akisikiliza wimbo wao. Hata hivyo, katika albamu hii nawasikia kama wageni walioingia nyumba ya msiba na viatu mkononi, wanaogopa kukanyaga mkeka. Wimbo hawakuutii kabisa wala hawakuuvunja. Ukiisha huna la kukumbuka. Nawaambia hili kwa sababu ndilo kosa litakalotukaribia sisi kesho kuliko jingine lolote. Tunampenda mzee mno. Tutataka tupige taratibu, kwa heshima, kwa sauti ya chini, na mzee hakuwahi kupiga kwa sauti ya chini hata siku moja.

Sasa Tom Waits. Hapa naomba dakika zangu.

Tom Waits ni mwimbaji wa California mwenye sauti kama kifuniko cha debe kinachoburutwa kwenye changarawe. Hana uhusiano wowote na panki kwa sura. Mwaka 1992 alitoa albamu iitwayo Bone Machine, na ndani yake mlikuwa na wimbo wa mtu anayekataa kuwa mkubwa, wa taratibu, wenye huzuni. Mwaka 1995 Ramones, wakijua wanatengeneza albamu yao ya mwisho, waliuchukua wimbo huo. Waliupiga kwa kasi yao, kwa mkono ule unaoshuka. Joey alikuwa na miaka arobaini na zaidi. Katika sauti yake wimbo ule ulikuja kuwa wa mtu mzima ambaye ametumia maisha yote akiwaimbia vijana na sasa mwili unamdai. Maneno yale yale. Uzito mwingine.

Miaka minane baadaye, Joey akiwa ameshazikwa, Waits aliombwa achague wimbo wa Ramones. Alichagua mmoja wa nyimbo zao za pembeni, wa wasichana wawili wanaorudi, mwendelezo wa wimbo uliokuwa katika albamu ya kwanza, na akaupiga kama watu wanaogonga mabati uani. Hakujifanya kijana. Hakujifanya Mmarekani wa Queens. Alirudisha zawadi kwa mkono alionao. Na hakuishia hapo, kwani mwaka 2006 alipotoa mkusanyo wake wa nyimbo zilizotawanyika aliuweka huo, akaongeza na mwingine wa Ramones, wa polepole, wa mtu aliye safarini anayemkumbuka mpenzi wake. Yaani waliazimana. Sahani ilikwenda na chakula, ikarudi na chakula. Jirani mwenye adabu harudishi sahani tupu, hilo tunalijua sisi watu wa pwani bila kufundishwa.

Nataka pia mjue aliyesimamia albamu ile alikuwa na mzigo gani kifuani. Johnny na Joey hawakuwa wakisemezana kwa miaka mingi. Mpenzi wa Joey alimwacha akaenda kuwa mke wa Johnny. Kundi halikuvunjika. Waliendelea kupanda gari moja, kusimama jukwaa moja, usiku baada ya usiku, bila neno. Wengine wetu hapa tumeishi katika bendi za namna hiyo na tunajua harufu yake. Joey alifariki kwa saratani tarehe 15 Aprili 2001, akiwa na miaka 49. Hawakupatana. Na huyu Johnny, ambaye naye alikuwa ameshapata saratani yake, ndiye aliyekaa na Rob Zombie kusikiliza kopi moja baada ya nyingine za nyimbo ambazo nyingi zilitoka kinywani na mkononi mwa mtu asiyesema naye. Johnny alifariki Septemba 2004. Nikiisikiliza albamu ile nikiwa na habari hiyo, naisikia kama barua iliyochelewa.

Mwezi Machi 2002 Ramones waliingizwa katika Jumba la Heshima la Rock and Roll. Sherehe ilifanyika New York, kwao. Eddie Vedder ndiye aliyewatambulisha. Johnny, Dee Dee na Tommy walikuwepo, na Marky, aliyepokea dramu baada ya Tommy. Joey hakuwepo, na Tommy alisema tuzo ile ingekuwa na maana kubwa sana kwake. Ulipofika wakati wa muziki, waliopanda jukwaani ni Green Day, vijana wa California waliolelewa na kanda zao. Wazee wakasikiliza nyimbo zao zikipigwa na wengine. Billie Joe wa Green Day alikuwa ameshampa mwanawe jina la Joey, na mpiga dramu wao alikuwa ameshamwita bintiye Ramona. Kwetu mtu akimpa mwanawe jina lako hakuna tuzo inayozidi hiyo. Chini ya miezi mitatu baadaye Dee Dee naye alifariki.

Nimeona vijana wananitazama kuhusu fedha. Nitalisema haraka, lakini ni la lazima.

Marekani, tangu sheria ya mwaka 1909, wimbo ukishatoka kwenye sahani mtu mwingine anaweza kuurekodi bila kumpigia magoti mwenyewe, mradi alipe mrabaha uliowekwa kisheria. Mwaka ule wa 2003 ulikuwa senti 8 kwa kila nakala ya kila wimbo usiozidi dakika tano. Fedha hiyo humwendea mtunzi, siyo aliyepiga wa kwanza. Na sheria hiyo inakuruhusu kuupanga wimbo kwa mtindo wako, ila usiharibu melodia yake ya msingi wala tabia yake. Dee Dee, aliyeondoka kundini 1989, aliendelea kuwaandikia nyimbo, kwa hiyo kalamu yake ilimtafutia riziki hata pale besi lake lilipokuwa mikononi mwa mwingine. Hapa kwetu njia ni kwenda COSOTA, ofisi ya hakimiliki, na kukaa na warithi. Mama yetu yuko hapa. Mimi sitapiga noti moja kesho mpaka nione karatasi yake imesainiwa. Nimeshuhudia wajane wakisikia nyimbo za waume zao redioni huku jiko la nyumbani halijawashwa, na sitaki tena kuwa sehemu ya jambo hilo.

Nirudi kwenye muziki.

Kiti kile kitupu kimekaliwa mbali na New York. Huko Brasília vijana walianza kwa kupiga kopi za Ramones, wakalichanganya jina hilo na la Kibrazili, wakajiita Raimundos, na kutoka kwenye kopi wakapata muziki wao wenyewe wenye ngoma za kaskazini mashariki mwa nchi yao. Huko Osaka, Japani, kundi la wanawake la Shonen Knife lilianza mwaka 1981 likiwa na mapenzi hayo hayo. Walipofikisha miaka thelathini, mwaka 2011, hawakujitolea mkusanyo wa sifa zao. Walirekodi albamu ya nyimbo za Ramones, wakaiita Osaka Ramones. Zisikilizeni nyimbo zao: Kiingereza chenye lafudhi ya Kijapani isiyofichwa, sauti changamfu, na mkono unaoshuka. Hawakuigiza Queens. Mji wao wameuweka kwenye jina la albamu, mbele.

Na kwa kuwa nimetaja lafudhi, wako The Clash wa London, ambao nao wana albamu yao ya kuenziwa ya mwaka 1999. Lakini kopi yao ninayoipenda haiko mle. Ni ya Rachid Taha, Mwaljeria aliyeishi Ufaransa, ambaye mwaka 2004 aliuchukua wimbo wao unaotaja kasbah, yaani mji mkongwe wa Kiarabu, akauimba kwa Kiarabu, na ala za kwao. Waingereza waliimba juu ya mji wa Kiarabu kwa mbali. Yeye aliuchukua akaupeleka nyumbani. Bendi yenu iliyotaka kumwimba mzee kwa Kimakonde, na mkaambiwa hapana na kamati, mimi nawaunga mkono, na nitalisema hilo kwenye kamati kesho kabla ya chai.

Niwape la mwisho kuhusu wale wanne. Albamu ile ya dola 6,400, iliyokomea nafasi ya 111, ilipewa cheti cha dhahabu cha nakala 500,000 nchini Marekani tarehe 30 Aprili 2014. Miaka 38. Haikufikishwa hapo na redio za wakati wake. Naamini ilifikishwa na watu waliomsikia fulani akipiga kopi, wakauliza huu wimbo ni wa nani, wakaenda kuutafuta. Cheti kilipotoka, kati ya wanne wale alibaki Tommy peke yake, yule aliyekaa kwenye dramu kwa sababu hakupatikana mtu wa kupiga mambo machache. Alifariki tarehe 11 Julai mwaka huo huo.

Fundi wa studio ameniambia kwamba katika kanda za mzee za mwaka 1978 amepata nyimbo tatu tu ambazo ala zimetenganishwa. Katika hizo tatu gitaa lake anaweza kulizima. Nimemwomba aweke spika mbili kwenye chumba cha nyuma kuanzia saa mbili asubuhi. Wapiga gitaa wote mpite hapo kabla ya kurekodi, mmoja mmoja, na mfunge mlango. Mpiga besi wa bendi ya tatu, wewe mjukuu wake, zamu yako nimeiweka ya kwanza.